Mama Rula Anaondoka, na Nembo Bado Inavutwa

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, msanifu mkuu wa michoro katika Kitengo cha Uchapaji cha chuo kikuu chetu atastaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Mhariri wa jarida hili la wafanyakazi aliniomba niandike nusu ukurasa. "Kwa lugha ya furaha, kaka," alisema, "watu wacheke kidogo." Kucheka mtacheka. Lakini mimi nimeendesha mtambo wa chapa katika chumba kinachopakana na chake kwa miaka kumi na tisa, nimeyaona aliyotendewa, na nimekasirika. Nusu ukurasa haunitoshi.

Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mama Rula. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu hakuna siku aliyotoka nyumbani bila rula yake ya plastiki inayopitisha mwanga. Aliiweka kwenye mkoba, kati ya miwani na leso. Ukimpelekea bango, kabla hajalisoma, rula ilikuwa imeshatua juu ya nembo. Alikuwa akipima upana, akipima urefu, kisha anakutazama. Kama nembo ilikuwa imevutwa hata kidogo, ungejua kwa jinsi alivyovua miwani.

Kwa wageni wa karibuni, na kwa wakubwa wanaojitia hamnazo, nembo yetu ni mlango uliofunguliwa nusu, na chini yake ngazi tatu. Mlango una rangi ya bluu ya wino, ngazi zina rangi ya damu ya mzee, na jina la chuo limekaa chini kabisa. Masharti yake ni machache. Usiivute. Usiibadili rangi. Usiibandike juu ya picha yenye fujo. Iachie nafasi ya kupumua pande zote. Usilitenganishe jina na mlango. Mtoto wa chekechea angeyaelewa haya kabla ya uji wa saa nne. Maprofesa yaliwashinda.

Alianza kazi hapa enzi za wembe na gundi, akikata herufi za karatasi na kuzipanga kwa mkono, moja moja, mpaka ukurasa utimie. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa kitengoni, wanaume watatu waliigombania, kila mmoja akitaka ikae mezani kwake, na hakuna aliyejua kuiwasha. Yeye alichukua kitabu cha maelekezo, akakisoma kila siku wakati wa chakula cha mchana. Baada ya miezi miwili wale watatu walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwake.

Kisha ikagundulika kwamba mchoro halisi wa nembo ulikuwa umepotea. Chuo kizima kilikuwa kinatumia kivuli cha kivuli, nakala iliyotokana na nakala, mpaka mlango ukafanana na jiwe la kusagia. Mama Rula alienda kwenye lango la ukumbi mkuu, ambako nembo ilikuwa imechongwa kwenye bamba la chuma tangu mwanzo. Alipanda juu ya stuli, akalifunika bamba kwa karatasi nyembamba, akasugua kwa penseli mpaka kila mstari ukajitokeza. Halafu akaichora upya, kidogo kidogo, kwa wiki kumi na moja. Nembo iliyo kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwako ni mkono wake. Katika kitabu cha maadhimisho ya chuo imeandikwa kwamba nembo "ilihuishwa na uongozi." Uongozi! Uongozi hata stuli haukumshikia.

Niliahidi mtacheka. Basi, mwaka fulani utawala ulitandika zulia jipya la kufutia miguu kwenye mlango wa ukumbi mkuu, na katikati yake kuna nembo kubwa kama meza ya chakula. Mama Rula aliliona asubuhi akiingia kazini. Hakuandika barua. Alilikunja peke yake, akalibeba begani kama gunia la mkaa, akapanda nalo hadi ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo. Akalitandaza sakafuni mbele ya karani wa mapokezi.

"Haya mwanangu, futa viatu," akamwambia.

"Mama, siwezi kukanyaga nembo!"

"Kwa nini usiweze? Si ndiyo kazi waliyoipa?"

Makamu Mkuu wa wakati huo, mtu muungwana, alitoka kwenda kuona kelele ni za nini. Akalitazama zulia, akamtazama Mama Rula, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Zulia halikuonekana tena.

Huyo alistaafu. Waliofuata hawakuwa watu wa kucheka.

Miaka tisa iliyopita, mkuu wa kitivo cha biashara aliamua kwamba nembo imezeeka. Akaongeza ngazi ya nne, ati kuonyesha maendeleo. Akaipanua ili ijaze nafasi. Akaipaka kijani cha ndimu. Aliileta kitengoni akiwa na tabasamu la mtu aliyeleta zawadi.

"Mama, hii ni karne nyingine," akasema. "Watu wanataka kitu chenye uhai."

"Profesa," Mama Rula akamjibu, "ukitaka uhai, fuga kuku. Hii ni sahihi ya chuo."

Nilikuwa mlangoni nikisubiri karatasi, nikauma mdomo nisicheke. Profesa hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa bosi wetu, Mkuu wa Mawasiliano, na kesho yake bosi akaja na ile sauti yake ya kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Usikaze sana, mama. Ni mchoro tu."

Ni mchoro tu. Nayakumbuka maneno hayo kama mtu anavyokumbuka mahali alipojikwaa.

Kazi yoyote iliyoingia kwenye mtambo wangu ilikuja na kadi, na kwenye kadi palikuwa na nafasi ya sahihi ya msanifu mkuu. Kitivo cha biashara kilitaka bango kubwa la kukaribisha maombi ya masomo, litundikwe kwenye lango kuu, kwa nembo yao ya ngazi nne. Mama Rula alikataa kutia sahihi. Wiki ileile mama yake mzazi akafariki, akaenda kuzika. Siku ya pili ya msiba, bosi akaingia kwenye chumba changu na faili la bango mkononi. Kwenye kadi, mahali pa sahihi ya msanifu, alikuwa ameweka sahihi yake mwenyewe.

"Wewe chapa," aliniambia. "Nitaongea naye akirudi."

Nikachapa. Nayaandika haya hapa kwa sababu sijawahi kuyaandika popote. Nilijua ni kosa. Nilisimama pale nikaziona ngazi nne zikitoka kwenye mtambo, kijani kinang'aa kama rangi ya kuta za kinyozi, na sikuzima. Nilikuwa na watoto shuleni na nilikuwa naogopa bosi. Hayo ndiyo maelezo yangu yote, na hayatoshi.

Mama Rula aliporudi kutoka msibani alipita chini ya bango hilo. Akaja kwenye chumba changu akiwa bado na kanga nyeusi begani. Nilitegemea anifokee. Angenifokea ningepona. Alisimama tu, akasema, "Mdogo wangu, na wewe?" Kisha akaenda mezani kwake kuandika barua ya malalamiko kwa uongozi. Ilikuwa barua yake ya sitini na tatu. Bango likakaa langoni miezi mitano.

Siku ya kufungua muhula, walinzi wa lango wakapiga simu. Kulikuwa na vijana arobaini na watatu wenye masanduku, ndoo na magodoro yaliyokunjwa, kila mmoja ana barua ya kudahiliwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye orodha. Barua zilikuwa za kughushi. Matapeli walikuwa wamewauzia nafasi ambazo hazikuwepo, kwenye kozi ambayo hatujawahi kufundisha.

Ofisi ya Msajili ilimwita Mama Rula aziangalie hizo barua, nami nikamfuata. Tuliwakuta vijana wamekaa juu ya masanduku yao kando ya ukuta, jua limeshapanda. Aliichukua barua ya kwanza, na safari hii rula haikutoka kwenye mkoba. Ngazi nne, kijani cha ndimu.

Barua ile ilikuwa ya binti mmoja mwembamba aliyekuja na baba yake, fundi cherehani. Nguo zote za binti zilikuwa mpya, mshono mmoja, kazi ya mkono wa baba. Mlinzi mmoja alikuwa anamsema yule mzee kwa sauti ya juu, ati wazazi wa siku hizi hawana akili, barua yoyote wanameza tu bila kuuliza.

"Sikumeza, baba," fundi akasema kwa upole. "Nilikuja hapa kabla ya kutoa chochote. Mwezi wa sita. Nilisimama pale langoni na hii barua, nikalinganisha na bango lenu." Akanyoosha kidole juu. "Nikahesabu ngazi. Hapa nne, pale nne. Rangi ileile. Mimi ni fundi, mama, macho yangu ni ya kulinganisha vitambaa. Ningefanya nini zaidi?"

Bango lilikuwa linapepea juu ya vichwa vyetu, bango nililolichapa mimi. Mama Rula alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili.

"Hukukosea, kaka," akamwambia. "Ulilinganisha vizuri. Sisi ndio tuliokosea."

Hayo maneno ndiyo yaliyomponza. Mtu wa utawala aliyasikia, na jioni ile yakafika juu yakiwa yamegeuzwa: msanifu amekiri kosa mbele ya umma. Kesho yake bango likateremshwa kimyakimya. Keshokutwa yake Mama Rula akapewa barua ya kusimamishwa kazi. Yeye ndiye mtunza faili za nembo, walisema, kwa hiyo nembo imevuja kutoka mikononi mwake. Mwanamke aliyeandika barua sitini na tatu kuzuia kitu, akashtakiwa kwa kitu hichohicho! Na bosi wetu, mtu aliyejua kila hatua, akawa anapita kwenye korido akitazama simu yake.

Wiki saba alikaa nyumbani. Nilikwenda kumwona wiki ya nne, kwa sababu kabla ya hapo nilishindwa hata kupiga simu. Mume wake, mwalimu wa shule ya msingi, alinipokea kwa heshima ambayo sikuistahili. Meza ya sebuleni ilikuwa imejaa nakala za barua zake, amezipanga kwa miaka. Binti yake, muuguzi, alikuwa ametoka zamu na hajavua sare. Aliniletea chai, akaiweka, hakuondoka.

"Mjomba," akasema, "hili bango lilichapwa wapi?"

"Kwetu."

"Na nani?"

Mama yake akasema, "Mwache mjomba wako anywe chai."

"Anywe. Lakini mbona hajasema?"

Chai ile sikuimaliza. Usiku kucha—hapana, nisitie chumvi, nililala, lakini niliamka na swali lile. Nikaenda kazini mapema, nikafungua droo za kadi za zamani, nikatafuta mpaka nikaipata ya bango lile.

Kamati ya nidhamu ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha jengo la utawala. Mwenyekiti alikuwa mhadhiri wa sheria, mama mkavu asiyependa maneno mengi. Sikuwa nimeitwa. Nilibisha hodi, nikaingia, nikaweka kadi mezani. Bosi wetu alikuwa amekaa upande wa pili, na alipoiona kadi alianza kutafuta kitu mfukoni.

"Hii sahihi ni ya nani?" mwenyekiti akauliza.

Bosi akasema hakumbuki.

"Ni yake," nikasema. "Alinipa kadi hiyo mwenyewe, dada yangu Mama Rula akiwa msibani."

"Na wewe ulijua kwamba msanifu mkuu amekataa kazi hii?"

"Nilijua."

"Kwa nini uliichapa?"

"Niliogopa, mheshimiwa."

Mama Rula alikuwa amekaa mwisho wa meza, barua zake sitini na tatu mbele yake. Hakunitazama. Alivua miwani, akaifuta kwa leso, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Alirejeshwa kazini kwa barua ya mistari miwili. Nimeisoma kwa macho yangu: "Unaarifiwa kuwa umerejeshwa kazini. Tunathamini ushirikiano wako." Neno pole halikuwamo, wala neno samahani. Bosi wetu alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, yenye kiyoyozi na katibu wake mwenyewe. Mimi nilipewa onyo la maandishi, na ndilo jambo pekee la haki lililotoka katika kesi ile. Miezi mitatu baadaye polisi walimkamata mmoja wa matapeli, mwenye kibanda cha fotokopi. Alieleza bila aibu kwamba hakuiba faili lolote. Alisimama barabarani, akalipiga bango picha kwa simu, akaikata nembo, basi. Hakuna ofisi iliyomwita Mama Rula kumwambia, "Tumesikia, na tulikuonea." Mpaka leo.

Angeweza kununa, na mimi ningenuna naye. Yeye alikwenda kwa Msajili. Alitaka wale vijana arobaini na watatu waangaliwe upya, na wenye alama za kutosha waingizwe. Msajili akamwambia dirisha la udahili limefungwa.

"Walifanya mnachowaambia wafanye kila mwaka," akamjibu. "Walihakiki. Walihakiki kwenye lango letu, na lango letu likawadanganya."

Alirudi siku ya pili, ya tatu, ya nne. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha wageni tangu ofisi ifunguliwe, anafuma, haongei na mtu. Siku ya nne Msajili akachoka. Vijana kumi na saba walikuwa na alama za kutosha, wakaingia muhula uliofuata. Ishirini na sita hawakuwa nazo, na Mama Rula aliwapigia simu mmoja mmoja kuwaeleza, kazi ambayo kuna ofisi nzima inayolipwa kuifanya.

Binti wa fundi alikuwa miongoni mwa wale kumi na saba. Alihitimu hisabati. Cheti chake nilikichapa mimi. Kabla hakijaenda kutiwa muhuri, Mama Rula alipima nembo yake kwa rula, akapima tena, akaniambia, "Iko sawa." Halafu akatoka nje, akarudi baada ya kama robo saa akiwa ameosha uso.

Mwongozo wa nembo wa kurasa kumi na mbili ambao kila idara inao leo, ambao wengi wenu mmeweka kikombe juu yake, aliuandika mwaka ule. Kanuni kwamba barua za udahili zinatolewa na ofisi moja tu, kwa kiolezo kimoja tu, ilitokana na yeye. Amefundisha semina kumi na nne za matumizi ya nembo. Kitivo cha biashara kilihudhuria moja, na kiliondoka kabla ya mapumziko.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike huku nimekunja uso. Nafasi yake haijatangazwa. Nimeuliza mara tatu. Jibu la kwanza: inashughulikiwa. La pili: bado inashughulikiwa. La tatu lilikuja kwa waraka, kwamba kuanzia mwezi ujao kila idara itajitengenezea mabango yenyewe kwa violezo vya mtandaoni, na kwamba "mfumo utajilinda wenyewe." Wiki iliyopita, kabla hata hajaondoka, nilihesabu nembo za aina sita tofauti kati ya maktaba na kantini. Moja ilikuwa ya zambarau. Kuna mzazi mahali fulani ambaye mwezi ujao atasimama mbele ya mojawapo, ameshika barua, akilinganisha. Mnamwandalia nini?

Kwa wale mnaochangishana zawadi, tafadhali msimnunulie kikombe. Mkitaka kumfurahisha, fungueni kompyuta zenu, tafuteni ile nembo mliyoinakili kutoka kwenye barua ya zamani, mkaivuta, mkaisogeza, mkaibandika, na muifute. Faili sahihi mnalo. Aliwatumia. Aliwatumia kila Januari.

Kwa upande wangu, natangaza kwenye jarida hili ili ijulikane: kazi isiyofuata mwongozo haitapita kwenye mtambo wangu, awe ameileta nani na kwa sahihi ya nani. Barua ya kunisimamisha inaweza kuandikwa mapema ili tuokoe muda. Naomba tu iwe na nembo iliyo sawa.

Nilimwuliza atafanya nini akistaafu. Alisema kwanza atalala mpaka saa tatu asubuhi kwa mwezi mzima. Kisha atajifunza kuchora kwa rangi za maji, kwa sababu hazitii amri, zinakwenda zinakotaka. "Nataka kuchora vitu vilivyopinda, mdogo wangu," aliniambia, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nikamwona anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Dada, kwa niaba ya Kitengo cha Uchapaji, kwa niaba ya vijana kumi na saba walioingia na ishirini na sita uliowapigia simu, asante. Mume wako akupikie, wajukuu wakuchoshe, mgongo upone. Umekasirika kwa niaba yetu miaka thelathini na mmoja, tena mara nyingi peke yako. Nenda kapumzike salama. Hasira tuachie sisi.